Verstappen anaondoka au haondoki? Tazameni kiti kwanza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni vijana wa Ngamiani, hapa Tanga. Tunatazama langalanga, yaani Formula One, kwenye kibanda umiza, Jumapili ambazo mwenye kibanda anakubali kutuachia skrini moja. Kila msimu ugomvi wetu ni uleule: dereva Max Verstappen anahama timu yake ya Red Bull. Fundi wetu wa magari anasema haiwezekani kwa sababu ana mkataba hadi 2028. Mwenzetu anayefanya kazi bandarini anasema jamaa alishamalizana na timu ya Mercedes, mtandaoni kote imeandikwa. Nani mkweli? Na sisi tusio na mtu huko Ulaya tutajuaje tetesi ipi ni ya kuaminika?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Salamu zako nimezipokea, nawe wasalimie wote hapo kibandani.

Wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa namna yake. Naanza na fundi, maana hoja yake ndiyo inayoonekana ya busara zaidi. Ni kweli Machi 2022 Verstappen alimwaga wino kubaki Red Bull hadi mwisho wa 2028. Lakini kazi yangu ni kusoma mikataba ya wanamichezo, na tarehe ya mwisho huwa naitazama baadaye kabisa. Kwanza natafuta vipengele vinavyomruhusu mtu kuondoka kabla ya tarehe hiyo. Tarehe inatangazwa kwa mbwembwe, vipengele vinafungiwa kabatini.

Dereva Lewis Hamilton alisaini na Mercedes Agosti 2023, tukaambiwa atakuwepo hadi mwisho wa 2025. Tarehe 1 Februari 2024 Ferrari ikatangaza kwamba kuanzia 2025 ni dereva wake. Hakuna aliyempeleka mwenzake mahakamani. Mercedes wenyewe walieleza kwenye taarifa yao kwamba mkataba ulikuwa na kipengele cha kumruhusu aondoke mapema, naye amekitumia. Basi fundi akisema "ana mkataba", muulizeni mkataba huo unasema nini gari likiwa bovu msimu mzima.

Kwa Verstappen, vyombo vya habari vya michezo vya Ulaya viliripoti kwa muda mrefu kwamba anacho kipengele cha matokeo: ikifika mapumziko ya katikati ya msimu akiwa nje ya tatu bora kwenye msimamo wa madereva, ana ruhusa ya kuondoka. Sasa rudini nyuma hadi katikati ya 2025. Mwishoni mwa Juni, kule Austria, George Russell, dereva wa Mercedes, alidokeza hadharani kwamba Mercedes wanazungumza na Verstappen, na kwamba ndiyo maana mkataba wake mwenyewe ulikuwa haujasainiwa. Kwa hiyo rafiki yenu wa bandarini hakuota. Mazungumzo yalikuwepo.

Lakini tazameni msimamo baada ya mbio za Ubelgiji, mwishoni mwa Julai. Verstappen alikuwa wa tatu kwa pointi 185, Russell wa nne kwa pointi 157. Tofauti ni pointi 28. Kabla ya mapumziko zilibaki mbio moja tu, za Hungary, ambazo hazikuwa na sprint (mbio fupi za Jumamosi zenye pointi zake), na mshindi wa mbio anapata pointi 25. Hata kama Russell angeshinda na Verstappen akaishia kwenye kokoto mzunguko wa kwanza, asingempita. Kipengele hicho kilikuwa kimeshakufa Jumapili ile jioni. Siku nne baadaye, Alhamisi tarehe 31 Julai, Verstappen akasema kwa kinywa chake kwamba mwaka 2026 atakuwa Red Bull. Hesabu hiyo mngeweza kuipiga kwa kalamu nyuma ya risiti, palepale kibandani, bila kumjua mtu yeyote Ulaya.

Ninachotaka mshike ni hiki: tetesi ya usajili wa langalanga ipimeni kwa kiti. Ukubwa wa jina la dereva hausaidii, wala wingi wa watu walioisambaza. Klabu ya mpira ikitaka mshambuliaji wa nne inamsajili, akikosa namba anakaa benchi. Timu ya langalanga inaingiza magari mawili kwenye mbio na basi. Mwaka 2025 timu zilikuwa 10, maana yake viti 20 dunia nzima. Mwaka 2026 Cadillac wameingia, timu zimekuwa 11 na viti 22. Kila anayeingia lazima amtoe mtu. Ukisikia fulani anakwenda Mercedes, uliza anatoka nani, na mkataba wa huyo anayetoka unaisha lini. Asiyeweza kukujibu hilo hana habari, ana hamu tu.

Najua kwa nini sisi linatupa shida. Tanga tumezoea rally, magari yanayotimua vumbi kwenye barabara za mashamba ya mkonge, na madereva wengi wa hapa nchini wanakuja na gari lao au la familia, pamoja na msoma ramani wao. Dereva wa namna hiyo akigombana na mtu anaondoka na gari lake. Hakuna kiti cha kugombea, kwa hiyo hatujajenga mazoea ya kukitafuta.

Acha niwasimulie wiki zilizonifundisha mengi kuliko nyingine zote katika mambo haya. Ni za mwaka 2022. Alhamisi tarehe 28 Julai, Sebastian Vettel wa Aston Martin alitangaza kustaafu mwisho wa msimu. Kiti kimoja kikawa wazi. Jumatatu tarehe 1 Agosti, Aston Martin wakatangaza kwamba atakikalia Fernando Alonso. Mkuu wa timu yake ya Alpine, Otmar Szafnauer, alikiri kwamba habari hiyo aliipata kwenye taarifa kwa vyombo vya habari, kama mimi na wewe. Kesho yake Alpine wakatangaza haraka kwamba nafasi ya Alonso anaichukua kijana wao wa akiba, Oscar Piastri kutoka Australia. Jioni ileile Piastri akaandika kwamba taarifa imetolewa bila ridhaa yake, kwamba hana mkataba na Alpine wa mwaka 2023, na kwamba hatawaendeshea gari.

Watu walishangaa. Dereva ambaye hajawahi kuanza hata mbio moja ya langalanga anaikana timu iliyomlea! Wengi walimwona mtovu wa shukrani. Ila kama ungeuliza swali la kiti, ungetazama upande wa McLaren, ambako Daniel Ricciardo alikuwa na mkataba hadi mwisho wa 2023 lakini mwendo wake umepotea. Piastri, akiwa chini ya wakala Mark Webber aliyewahi kuendesha Red Bull, alikuwa amesaini na McLaren tangu tarehe 4 Julai. Alpine walibaki wanatangaza mtu ambaye karibu mwezi mzima alikuwa ameshakuwa wa wenzao.

Kesi ikaenda kwenye Bodi ya Utambuzi wa Mikataba, iliyoko Geneva, Uswisi. Bodi hiyo ilianzishwa baada ya sokomoko la Michael Schumacher mwaka 1991, alipoanza na Jordan kwenye mbio za Ubelgiji, na mbio zilizofuata, za Italia, akaonekana ndani ya gari la Benetton. Tangu hapo timu zinasajili mikataba ya madereva wao kwenye bodi, na timu mbili zikimdai mtu mmoja, wanasheria wake ndio wanaoamua. Septemba 2, 2022 wakaamua: mkataba halali ni wa McLaren pekee.

Kwa yeyote aliyefuatilia sakata la Feisal Salum, Fei Toto, mambo haya si mageni. Desemba ya mwaka huohuo aliaga Yanga akiamini ameshavunja mkataba kwa kulipa fedha, klabu ikakataa, kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, na hadi anatua Azam ilikuwa Juni 2023. Kule Geneva nako hakuna aliyeuliza moyo wa mchezaji uko wapi wala mashabiki wanamtaka nani. Waliuliza karatasi ipi ina saini. Tofauti ni kwamba karatasi ilimbakiza Fei Toto na ikamwachia Piastri.

Sasa fuatilieni viti, maana mnyororo haukuishia hapo. McLaren walikubaliana na Ricciardo aondoke mwaka mmoja kabla ya mkataba wake kuisha. Alpine, wakiwa wamewakosa Alonso na Piastri, wakamgeukia Pierre Gasly wa AlphaTauri, timu ndogo ya Red Bull. Gasly alikuwa ametangazwa mwezi Juni kwamba anabaki! Red Bull wakasema tutamwachia tukipata mbadala, wakamtaka Colton Herta wa Marekani. Herta akakwama kwenye leseni. Ili kuendesha langalanga unatakiwa uwe na pointi 40 za leseni ulizokusanya katika mbio za ngazi nyingine kwa miaka mitatu, naye hakuwa nazo, na FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, haikumlegezea. Katikati ya hayo, Alex Albon wa Williams akaugua kidole tumbo wikiendi ya mbio za Italia, Nyck de Vries akaitwa ghafla kumshikia gari, akamaliza wa tisa. Red Bull wakamchukua huyo. Oktoba, Gasly akatangazwa kuwa wa Alpine.

Mtu mmoja kustaafu Alhamisi, na karibu miezi miwili na nusu baadaye timu nne zimebadilisha madereva. De Vries mwenyewe alidumu mbio 10 tu za 2023, akaondolewa, na aliyeletwa kushika nafasi yake ni Ricciardo yuleyule. Ungemfuata Alonso peke yake usingeyaona haya mengine. Ungekifuata kiti, yote yangekupitia mbele ya macho.

Dalili nyingine ambayo watu wanaipita ni ukimya. Tarehe 25 Januari 2024 Ferrari walitangaza kwamba Charles Leclerc ameongeza mkataba. Vizuri. Mikataba ya madereva wao wote wawili ilikuwa inaisha mwisho wa mwaka ule. Kuhusu wa pili, Carlos Sainz, hawakusema neno. Wiki moja baadaye Hamilton akatangazwa. Sidai kwamba ukimya ule ulitosha kulitaja jina la Hamilton, lakini ulitosha kabisa kuonyesha kwamba kiti kimoja cha Ferrari kimewekwa pembeni kwa ajili ya mtu. Na aliyejua kwamba mkuu wa Ferrari, Frédéric Vasseur, ndiye aliyekuwa akiongoza timu ya ART ambayo Hamilton alitwaa nayo ubingwa wa GP2, ngazi iliyo chini ya langalanga, mwaka 2006, angekuwa na jina la kuanzia. Sainz naye, dereva wa kushinda mbio, alihangaika hadi mwisho wa Julai ndipo akasaini Williams. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu hakukosa kitu barabarani.

Halafu jifunzeni kusikiliza majibu. Dereva akiulizwa kama anaondoka akajibu "nina mkataba", hajajibu chochote, mmeshaona thamani ya sentensi hiyo. Akisema "nina furaha hapa", vilevile. Kwa wiki nyingi za 2025 Verstappen alikuwa akijibu kwa namna hiyo, anazungukazunguka. Siku alipoutaja mwaka, kwamba 2026 niko hapa, ndipo mjadala ukafungwa. Jibu lenye mwaka ndani yake lina uzito, kwa sababu dereva akishautaja akageuka, wadhamini wake na timu yake wanalo la kumshika nalo. Picha za kutengenezwa zinazomwonyesha amevaa nguo za timu nyingine, hizo msizipotezee hata bando.

Kuna jambo moja ambalo kiti na mkataba havilielezi, nalo ni kwa nini dereva aliye juu atake kuhama. Hapa fundi wenu atanielewa haraka: injini. Mwishoni mwa 2012 Hamilton aliondoka McLaren, timu iliyoshinda mbio mbili za mwisho za msimu ule, akaenda Mercedes iliyoshinda mbio moja tu mwaka mzima. Watu walimwona amechanganyikiwa. Ila viongozi wa Mercedes, Ross Brawn na Niki Lauda, walikuwa wamemweleza kinachokuja: sheria mpya za injini za mwaka 2014, na maandalizi ambayo Mercedes walikuwa wameshayaanza. Akabeba mataji sita nao. McLaren hawakushinda tena mbio hata moja hadi Septemba 2021. Alonso, ambaye kwa kipaji simweki chini ya mtu yeyote wa kizazi chake, ametwaa mataji mawili tu, 2005 na 2006, na tangu hapo amekuwa akifika mahali gari linaposhuka au anaondoka kabla halijapanda.

Mwaka 2026 sheria zimebadilika tena, na karibu nusu ya nguvu ya gari inatoka kwenye umeme. Red Bull wanatumia injini yao wenyewe kwa mara ya kwanza, wakishirikiana na Ford. Audi wameingia kwa kuichukua Sauber. Honda, waliompa Verstappen injini za mataji yake manne ya 2021 hadi 2024, wamehamia Aston Martin. Kwa hiyo dereva mwenye akili hakimbilii kusaini mapema. Anasubiri aone saa ya mzunguko, kisha wakala wake anapiga simu. Ndiyo maana nawaambia tetesi za kipindi hiki zitakuwa nyingi kuliko kawaida, na nyingi zitakuwa na chembe ya ukweli, kwa maana ya kwamba watu wanazungumza kweli. Kuzungumza hakujawahi kumhamisha mtu.

Turudi kwa Verstappen, tuvikague viti kimoja kimoja. McLaren wana Lando Norris, bingwa wa 2025, na Piastri, wote kwa mikataba ya miaka mingi. Hapo simwoni. Ferrari wana Leclerc na Hamilton, nao mikataba mirefu, ingawa kwa umri wa Hamilton kiti hicho kitazamwe kila mwaka. Mercedes waliwathibitisha Russell na Kimi Antonelli kwa 2026, tangazo likatoka Oktoba 2025. Antonelli wamemlea wenyewe tangu utotoni, kwa hiyo tetesi ya Verstappen kwenda Mercedes ni tetesi ya Russell kutoka, na hadi msikie Russell anahusishwa na timu nyingine kwa jina, msimlipe soda mwenzenu wa bandarini.

Kiti ninachokitazama zaidi mimi ni cha Alonso pale Aston Martin. Mkataba alioutangaza Aprili 2024 unamfikisha mwisho wa 2026, na Julai 2026 anatimiza miaka 45. Kiti cha pili cha timu hiyo ni cha Lance Stroll, na mwenye timu ni baba yake, kwa hiyo hicho kiacheni. Lakini hicho cha Alonso kina Honda nyuma yake na Adrian Newey mbele yake, mhandisi aliyesimamia magari ya Red Bull ambayo Verstappen alichukua nayo ubingwa, na ambaye Novemba 2025 alitangazwa kuwa mkuu wa timu kuanzia 2026. Sisemi Verstappen anakwenda. Nasema mtu akiniletea tetesi hiyo nitakaa nimsikilize, kwa sababu kiti kipo, tarehe ipo, na watu anaowajua wapo.

Upande wa Red Bull nako tazameni watu. Mkuu wa timu, Christian Horner, aliondolewa Julai 2025, nafasi yake akachukua Laurent Mekies. Helmut Marko, mzee aliyempandisha Verstappen langalanga akiwa bado kijana mdogo, naye aliondoka mwisho wa mwaka uleule. Mwaka 2024 Verstappen alisema waziwazi kwamba kuondoka kwa Marko kungemgusa yeye pia. Kiti cha pili cha timu hiyo ndicho msikitumie kama kipimo cha lolote, maana mwaka 2025 Liam Lawson alikikalia mbio mbili tu akarudishwa timu ndogo, akaja Yuki Tsunoda, na 2026 akapewa Isack Hadjar. Hiyo ndiyo waja leo waondoka leo yenyewe, na inaonyesha tu anayekaa kiti cha jirani na Verstappen ni nani, haisemi yeye anakwenda wapi.

Mwisho kuhusu muda, kwa kuwa najua mbio nyingi za Ulaya zinaanza saa kumi jioni kwa saa zetu, na Jumapili ambayo Coastal Union wapo Mkwakwani hakuna mwenye kibanda atakayewapa skrini. Langalanga haina dirisha la usajili, mkataba unaweza kusainiwa siku yoyote, lakini madereva wanakutana na waandishi Alhamisi, siku tatu kabla ya mbio. Vettel alitangaza kustaafu Alhamisi ya wiki ya Hungary, na Verstappen akamaliza ubishi wa 2025 Alhamisi ya wiki ya Hungary. Wiki hiyo huwa karibu na mapumziko ya katikati ya msimu, vipengele vya matokeo vinapofika tarehe zake. Wekeni bando la Alhamisi hiyo, na kabla yake mwandike msimamo wa madereva kwenye karatasi: wa tatu nani, wa nne nani, na zimebaki pointi ngapi.